Usiku wa Jumatatu

Karani wa vifo alikuwa kijana mpole, na swali aliloniuliza lilikuwa la kawaida kabisa: mama alifariki siku gani? Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi, anangoja. Nikafungua mdomo, nikakwama. Mdogo wangu Anwar, ambaye siku hizi ana mvi nyingi kuliko mimi, na ambaye asubuhi hiyo alitoka kwake Stanmore kuja kunichukua kwa gari, alinigeukia akidhani nimezidiwa na kilio. Nilikuwa nimelia vya kutosha nyumbani. Pale mbele ya karani nilikuwa nimeona haya, haya ya zamani, ile inayoanzia masikioni ikashuka shingoni.

Swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka kumi na mitatu, siku ya kuzaliwa na si ya kufa, na nilijibu upesi sana. Jibu lenyewe lilikuwa kweli tupu. Nimesema uongo mwingi maishani, kama watu wengine, na hakuna hata mmoja unaoniaibisha kuliko ile kweli.

Sisi ni Wakachi wa Mombasa, Waislamu wenye asili ya Kihindi. Kikachi tulikijua cha kusalimia wajomba na cha kugombana, lakini nyumbani mwetu kulizungumzwa Kiswahili, tena kile cha Mama, cha mitaa ya mji wa kale, asichokubali kukibadilisha kwa mtu. Walio wa rika langu, waliokuja London wakati ule na masanduku mawili matatu na koti lisilotosha, hawana haja ya kuelezwa. Wanaijua harufu ya hita ya mafuta ya taa na nguo za sufi zinazokaushwa juu ya kiti. Tulikaa Hayes, vyumba viwili juu ya duka la mkaa. Baba alipata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana tulitembea kwa ncha za vidole. Mama alishona nyumbani, makola ya mashati, marundo kwa marundo. Kizungu hakujua. Alijua "thenki yu", alijua "nou", na alijua "sori". Hilo la mwisho ndilo alilojifunza kwanza, kwa sababu kila alipokanyagwa ndani ya basi, au kila alipomkanyaga mtu, neno lilikuwa hilohilo.

Mdomo wa Mama nilikuwa mimi. Kwa daktari, shuleni, kwa mwenye nyumba, alisema kwa Kiswahili nami nikalitoa kwa Kizungu. Nilijiona mkubwa, ati. Wazee wazima wananisubiri mimi msichana wa misuko miwili niwaambie mama yangu amesema nini. Na sitaficha, mara nyingine nilipunguza. Mama akimwambia mwenye nyumba, "Mwambie Mungu amemuona alivyotuachia bomba lavuja wiki tatu," mimi nilisema tu kwamba bomba linavuja. Niliona nikipunguza ndivyo tunavyoonekana watu wa maana.

Anwar yeye hakuhitaji mdomo wa mtu. Alikuwa na mpira. Alikuwa na miaka kumi na mmoja tulipofika, mrefu kuliko wenzake, miguu mirefu ile ya Baba, na wiki ya pili tu watoto wa mtaa walikuwa wanamjia dirishani kumwita. Hawakujua jina lake kulitamka, wakamwita Anna, naye hakujali ilmradi amepewa mpira. Kocha mmoja wa klabu ya watoto, Mista Tolley, aliyekuwa mchana akiendesha lori la maziwa, alimwona akicheza uwanjani nyuma ya maktaba, akaja mpaka mlangoni kwetu na kofia mkononi kumwomba. Msimu mpya ulipoanza Anwar akawekwa katika timu ya walio chini ya miaka kumi na miwili. Mwezi huohuo akaingia kidato cha kwanza, na mwalimu wa michezo wa sekondari naye akamtaka.

Hapo ndipo vita vya barua vilipoanza. Shule ilicheza Jumamosi asubuhi, klabu Jumapili asubuhi, mazoezi ya klabu Alhamisi, mazoezi ya shule Jumatano, na chuo cha Kurani kwa maalimu kilikuwa Jumamosi na Jumapili. Mwalimu aliandika kuwa mtoto anayecheza Jumapili hawezi kuitumikia shule sawasawa. Mista Tolley aliandika kuwa shule inamchosha mtoto kabla ya mechi. Barua zote nilizisoma mimi, Mama akishona, sindano mdomoni.

"Kwani huyu mtoto ni punda wa kukodi?" akauliza. "Haya. Jumamosi amtumikie mwalimu, Jumapili amtumikie Tolley, na maalimu nitamwomba amsomeshe Jumanne na Ijumaa. Waandikie hivyo. Kisha uwaambie mwanangu ana miguu miwili tu."

Nikawaandikia, ya miguu nikaiacha. Wakakubali. Mama hakuwa na elimu ya shule, lakini aligawa siku za Anwar akakata maneno, na kila mmoja akabaki na lake.

Ila hakuna aliyeniuliza mimi. Jezi mbili kwa wiki, bukta mbili, soksi za tope jozi mbili, nilizifua mimi katika beseni la kuogea, magoti yangu juu ya saruji. Mafuta ya kupaka njumu niliyapaka mimi, yale mazito yenye harufu ya ng'ombe, maana Anwar akirudi amechoka na mtu aliyechoka huachwa alale. Na mwezi huohuo mimi nilichaguliwa timu ya mpira wa pete ya shule yangu. Nilirudi mbio na karatasi ya mzazi ya kutia sahihi. Mama aliitazama ile picha ya wasichana wenye sketi fupi, akanirudishia.

"Miguu nje, hapana, mwanangu."

"Anwar miguu yake iko nje kila siku."

"Anwar ni mvulana."

Basi. Nikarudi kwenye beseni. Nilimpenda mdogo wangu, msije mkadhani. Lakini kuanzia siku ile kila nilipokamua soksi zake nilikamua na kitu kingine.

Halafu mwalimu wetu wa jiografia akatupeleka Greenwich. Kulikuwa na mstari wa shaba uliolazwa chini, tukasimama mguu huku na mguu kule tukicheka. Mwalimu akasema hapa ndipo dunia nzima inapohesabia saa zake, na kwamba siku huanza saa sita kamili ya usiku, kabla ya hapo ni jana, baada ya hapo ni leo. Jambo hilo lilinishangaza mno. Nilidhani siku ni kitu kimoja, kiko pale, na kuna watu waliokipima sawa na kuna waliokosea. Nilirudi nyumbani na mizani hiyo mpya kichwani, nikaanza kumpima Mama.

"Mama, Anwar alizaliwa lini?"

Akaweka kola chini. Hadithi hii aliipenda. "Usiku wa Jumatatu, tarehe mosi Septemba. Isha imekwisha kuswaliwa, watu watoka msikitini, mimi nina ufagio mkononi nafagia ukumbi. Mkunga hata buibui hakuwahi kulivua. Babako alirudi kutoka kuswali akakuta mtoto alia."

Sisi sote wa pwani tunajua maana yake. Usiku hutangulia mchana wake. Jua likitua Jumapili, imeshaingia Jumatatu, na ule ni usiku wa Jumatatu. Baba alipokwenda kuandikisha alimwambia karani wa Mombasa tarehe mosi, naye karani, mtu wa palepale, akaandika tarehe mosi bila kuuliza. Ndivyo kilivyosema cheti. Lakini mimi nilikuwa nimesimama juu ya mstari wa shaba. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza: baada ya Isha, saa mbili na kitu, bado saa nne kufika saa sita ya usiku. Kwa hiyo Jumapili. Kwa hiyo thelathini na moja Agosti. Nikahitimisha kuwa mama yangu hajui kuhesabu siku, na mtoto wake mwenyewe amemkosea siku ya kuzaliwa. Sikumwambia mtu. Nililiweka jambo hilo kama pipi shavuni.

Umuhimu wake sikuujua mpaka barua nyingine ilipokuja. Timu ya Mista Tolley ilikuwa imeshinda mfululizo na imebakisha mechi moja kuingia fainali ya kombe la watoto. Klabu moja waliyoifunga mabao saba, matano ya Anwar, ililalamika kwa ligi kuwa yule mtoto mrefu wa Kihindi si wa umri ule. Kanuni ilikuwa hivi: aliyezaliwa kuanzia tarehe mosi Septemba ya mwaka aliozaliwa Anwar ni wa timu ya chini ya miaka kumi na miwili, na aliyezaliwa tarehe thelathini na moja Agosti, hata saa tano za usiku, ni mkubwa, apande timu ya juu. Katibu wa ligi aliomba mzazi aje na cheti Jumapili alasiri.

Nilimsomea Mama barua nzima na safari hii sikupunguza kitu. Nilielewa palepale kwamba ile pipi yangu ina bei.

Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikitoa cheti kwenye mfuko wa nailoni alimohifadhi karatasi zetu zote, akakipiga pasi juu ya kitambaa. Baba alikuwa amelala kutoka zamu, tukamwacha. Mama akavaa gauni lake la kijani, juu yake koti la Baba lililomfika vifundoni, na mtandio wa Idi. Anwar alitangulia mbio na mpira wake.

Klabu ilikuwa kibanda cha mbao pembeni ya uwanja. Ndani kulinuka tope, chai na yale mafuta ya njumu ambayo niliyajua kuliko wote waliokuwamo. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza: Mista Tolley, katibu mwenyewe ambaye alikuwa mzee wa miwani na sauti ndogo, na baba mmoja wa klabu iliyolalamika, amekunja mikono. Anwar aliambiwa asubiri nje. Tulimsikia akipiga mpira ukutani, du, du, du, wakati wote tuliokuwa mle.

Katibu alikisoma cheti, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. "Tarehe mosi Septemba," akasema. "Kiko sawa." Mista Tolley akapumua. Yule baba aliyekunja mikono akatazama dirishani. Katibu alikuwa anakikunja cheti aturudishie. Yalikuwa yamekwisha. Ndipo kwa ajili ya adabu tu, kama mtu anavyomwuliza mgeni habari za safari, akaniambia: "Mwulize mama kama anaikumbuka siku yenyewe."

Nikamwuliza. Lo, uso wa Mama. Tangu tufike nchi ile hakuna Mzungu aliyemwuliza kitu alichokijua yeye kuliko wote. Alijiweka sawa kwenye kiti akaanza, na mikono ikimsaidia: ufagio, msikiti, mkunga na buibui lake. "Mwambie, usiku wa Jumatatu, tarehe mosi, baada ya Isha." Nikatafsiri ufagio. Nikatafsiri mkunga, wakacheka vizuri, hata yule wa mikono. Mama akacheka nao ingawa hakusikia walichosema.

Nilikuwa na nafasi ya kuishia pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema "usiku wa Jumatatu, tarehe mosi," neno kwa neno, kama alivyosema. Nimejirudisha pale mara nyingi mno, na kila nikirudi namkuta yule msichana amekaa amenyooka, amefurahi kuchekewa, anataka waone kuwa yeye si kama mama yake. Na chini ya furaha hiyo zilikuwapo soksi na beseni, na sketi ya mpira wa pete.

"Ilikuwa Jumapili usiku, bwana," nikasema. "Kama saa mbili hivi. Yeye huita usiku wa Jumatatu, lakini ni Jumapili. Tarehe thelathini na moja Agosti."

Katibu akaacha kukunja. "Thelathini na moja? Una hakika?"

"Ndiyo, bwana. Siku huanza saa sita ya usiku."

Mpira ukagonga ukuta nje. Yule baba akafungua mikono yake, na Mista Tolley akanitazama mimi, si Mama. Mama aliona nyuso zimebadilika. "Wasemaje?" akaniuliza.

"Wanasema tarehe ya kwenye cheti si kweli."

Akatabasamu, ametulia kabisa. "Si uongo. Hawajui tu. Waambie kwetu siku yaanza jua likitua. Kila mtu hulishuhudia jua likitua, mkubwa na mdogo. Yao yaanza usiku wa manane watu wamelala, nani aiona ikiingia? Waambie hivyo, mwanangu, wataelewa. Ni watu wazima."

Akawatazama wao, akingoja maneno yake yafike.

Hayakufika. Ningewaambiaje watu wale kwamba kuna nchi siku inaanza jioni? Shuleni tulikuwa tayari tunaulizwa kama kwetu tulilala juu ya miti. Nikaona vicheko, nikaona Jumatatu asubuhi darasani, nikaona mwalimu wa jiografia. Sentensi ile ya Mama niliiona aibu, kama mtu amenitolea nguo za ndani barabarani. Na wote wanne walikuwa wananitazama.

"Anasema sori," nikasema.

Katibu akatikisa kichwa taratibu. Akasema mtu huchanganyikiwa akihama nchi, anaelewa, lakini kanuni ni kanuni. Kisha akanisogezea sahani na kusema mimi ni msichana mkweli na mama yangu ajivunie. Ilikuwa biskuti yenye sukari juu. Niliila.

Mista Tolley alitoka nje. Mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia. "Pole, mwanangu," alimwambia Anwar. "Wewe ni mkubwa kwa siku moja. Mamako amekiri mwenyewe, amesema sori." Du, du ile ikakoma.

Tulirudi kwa miguu kando ya mfereji, Anwar mbele sana, mpira kwapani. Tulipofika darajani Mama akaniuliza.

"Uliwaambia siku yaanza jua likitua?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Hawakuelewa."

Tukatembea hatua kama ishirini. Koti la Baba lilikuwa linaburuta kwenye majani yaliyolowa, naye hakulinyanyua.

"Mimi nilisikia sori," akasema.

Yeye hakuniuliza tena, si siku ile wala siku nyingine, mpaka alipokufa.

Timu ilinyang'anywa pointi za mechi zote alizocheza Anwar, na nusu fainali hawakuicheza. Waliokuwa wakimjia dirishani wakaanza kumwita babu. Shule nayo ilipopata habari, mwalimu wa michezo akasema mashindano ya shule yana kikomo hichohicho cha umri, kwa hiyo na huko basi. Timu ya juu ya klabu ilikuwa imejaa wavulana wenye masharubu. Alisimama mstari wa pembeni Jumapili sita, amevaa njumu nilizozipaka mimi, hakuitwa hata mara moja. Jumapili ya saba hakuamka. Sisemi angekuwa mchezaji wa kuandikwa magazetini. Lakini alikuwa mtoto mwenye kitu kimoja tu chake katika nchi ile, na kitu hicho nilikitoa mimi.

Ubaya zaidi ulikuwa wa nyumbani. Siku ileile tuliyotoka klabuni, Anwar alisimama mbele ya cherehani ya Mama akamwambia kwa Kizungu kwamba alidanganya, alidanganya umri wake ili acheze na wadogo, na sasa kila mtu anajua yeye ni mwizi. Mama alinigeukia nimtafsirie. Nilisema, "Amekasirika tu." Mama akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika beseni. Angeweza kumwambia kwa sentensi moja. Anwar alijua Kiswahili vizuri kuliko mimi, wala mtafsiri hakuhitajika. Nilisubiri aseme. Nilikuwa tayari kwa kofi, hata nililitamani.

"Mwache apumzike," akasema Mama, akaikanyaga cherehani.

Nilidhani hakuelewa nilichofanya. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka, kwa sababu iliniwia rahisi kuwa na mama mjinga kuliko kuwa na mama aliyenisitiri. Alielewa kila kitu tangu darajani. Alikuwa na watoto wawili, mmoja tayari ameumia. Akaona akimtaja wa pili, hao wawili hawatakuwa ndugu tena. Basi akalichukua kosa akalivaa yeye.

Tangu hapo Anwar hakumjibu Mama kwa Kiswahili. Mama akisema, yeye anajibu kwa Kizungu, kwa adabu, kwa kifupi. Watu walidhani ni yale ya vijana wa London, kila nyumba ina wa namna hiyo. Na Mama naye hakunichukua tena kwenda kumsemea. Alikuja kujifunza Kizungu mwenyewe, kwenye televisheni na kwa majirani, akiwa mtu mzima, maneno yakimsokota ulimi, mpaka akaweza kugombana na watu wa halmashauri bila msaada. Kila mwaka tarehe mosi Septemba alimpikia Anwar sima ya maziwa aliyoipenda. Anwar aliila, hata alipokwisha oa na kuhamia Stanmore, na kwenye fomu zake zote aliandika tarehe thelathini na moja.

Na mimi je? Niliolewa, nikaachwa, nikafanya kazi ya ukarani miaka thelathini, na Mama mwisho wa umri wake alikaa kwangu, hapahapa Hayes. Nilimuogesha, nikamkata kucha. Nafasi za kumwomba radhi zilikuwa elfu. Kila nikianza aliniambia chai imepoa.

Alikufa siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mwezi wa Disemba. Jua la hapa mwezi huo hutua kabla ya saa kumi. Alikuwa akisema kwa mzaha kwamba nchi hii ina baraka moja tu, Ijumaa yake yaja mapema, hata chai ya alasiri mtu hajaimaliza. Kufa usiku wa Ijumaa ndiko alikokuomba siku zote, na alipewa.

"Bibi?" karani aliita. "Siku gani?"

"Kwa hesabu yenu ni Alhamisi," nikamwambia. "Kwa hesabu yake ni Ijumaa. Kwetu siku huanza jua likitua. Kila mtu hulishuhudia. Yenu huanza usiku wa manane, watu wamelala, hakuna anayeiona ikiingia."

Niliyasema yote, polepole, kwa Kizungu changu cha ofisini, mbele ya mtu aliyestahili kuambiwa au asiyestahili, sijui. Kijana hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni jambo zuri na hakulijua, lakini mashine haitakubali, itabidi aandike Alhamisi. "Sori," akasema.

Anwar alikuwa ameacha kutazama simu yake.

Ukumbini nje kulikuwa na benchi. Tulikaa kungoja cheti. Akaniuliza, kwa Kizungu, yale maneno nimeyatoa wapi.

"Ni ya Mama," nikasema. "Aliyasema siku ile kule klabuni. Alitaka niwaambie. Alisema cheti si uongo."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia anasema sori. Hakusema sori, Anwar. Nilisema mimi. Hata tarehe niliwatajia mimi, yeye alisema mosi."

Aliinama, viwiko juu ya magoti, kama alivyokuwa akikaa akifungua njumu. Nilingoja anyanyuke aende zake. Angeniacha pale nirudi kwa basi, nisingemlaumu. Alipozungumza nilishtuka, kwa sababu kilikuwa Kiswahili, kikavu, kimekaa miaka bila kutumiwa.

"Mimi nilimsamehe, dada. Jumapili kabla hajafa, nilipokuja kumtazama, wewe ulikuwa jikoni. Nilimshika mkono nikamwambia, Mama, ule uongo wa umri wangu nimekusamehe."

"Akakujibu nini?" nikamwuliza.

"Alinishukuru," akasema.